Nafuu Si Kupona



Upo ugonjwa ambao wengi wetu tumekwisha kuuona kwa macho bila kuujua kwa jina. Mama aliyekuwa na afya yake anaanza kukonda. Chakula anakula, tena kuliko zamani, lakini nguo zinampwaya. Akishika kikombe cha chai mikono inatetemeka. Usiku halali, mchana ana hasira zisizo na sababu, jasho linamtoka hata wakati wa baridi, na moyo unamwenda mbio kama mtu aliyekimbizwa na nyati. Shingo imejaa kwa mbele, na macho yamemtoka kama mtu aliyeshtuliwa.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Jirani mmoja husema ni UKIMWI. Mwingine husema amerogwa. Wa tatu husema ana pepo. Mume naye husema mke wangu amebadilika tabia, na pengine humrudisha kwao.

Huenda si hayo yote. Huenda ni ugonjwa wa tezi ya shingo uitwao ugonjwa wa Graves. Mwezi huu napenda nieleze ugonjwa huu na tiba yake. Lakini napenda pia nitoe maoni yangu waziwazi, kwa kuwa nimewahudumia wagonjwa hawa wodini na kliniki kwa miaka mingi. Dawa za ugonjwa huu zipo, na zinafanya kazi. Kinachowaumiza wagonjwa wetu, baada ya kuchelewa kuja hospitali, ni kuacha dawa siku ile wanapoanza kujisikia vizuri. Nafuu si kupona. Na mlinzi wa dawa hiyo lazima awe familia ya mgonjwa, kwa maana muuguzi humwona mara moja tu kwa mwezi au miezi miwili.

UGONJWA HUU NI UPI?

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, kila mtu ana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa. Hiyo ndiyo tezi ya thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni ziitwazo T4 na T3. Homoni hizo husafiri katika damu na kuuambia mwili ufanye kazi kwa mwendo gani: moyo upige kwa kasi ipi, chakula kitumike upesi au polepole, mwili uwe na joto kiasi gani. Tezi hii haijiamulii yenyewe. Iko tezi nyingine chini ya ubongo ambayo ni kama meneja wa kiwanda. Homoni zikipungua, meneja hutuma agizo liitwalo TSH ili kazi iongezwe. Ghala likijaa, meneja hunyamaza.

Katika ugonjwa wa Graves, kinga ya mwili, ambayo Mungu ametupatia ili ipambane na vijidudu, hupotoka na kutengeneza kingamwili zinazojifanya kuwa agizo la meneja. Ni kama mtu anayepeleka kiwandani barua za kughushi. Tezi inazitii barua hizo, inafanya kazi usiku na mchana, na homoni zinafurika mwilini. Meneja wa kweli amekwisha kunyamaza zamani. Ndiyo maana cheti cha maabara huonyesha T4 na T3 ziko juu, lakini TSH iko chini kabisa. Wapo wanaosoma neno "chini" katika cheti wakadhani kwamba tezi imelegea. Sivyo. Tezi imepita kiasi.

Jina la ugonjwa latokana na Robert Graves, daktari wa mjini Dublin, Ireland, aliyeueleza mwaka 1835. Mwaka 1840 daktari Mjerumani, Karl von Basedow, naye aliueleza kwa upande wake. Kwa sababu hiyo Wajerumani, na pia ndugu zetu wa Kongo wanaotumia Kifaransa hospitalini, huuita ugonjwa wa Basedow. Ni ule ule.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake: kwa kila mwanamume mmoja, wanawake ni kati ya watano na kumi. Mara nyingi huanza katika umri wa miaka 30 hadi 50, ingawa vijana na wazee nao hupata. Huweza kufuata ukoo, hivyo kama mama ameugua, mabinti zake wajiangalie. Wakati mwingine huanza miezi michache baada ya kujifungua. Hauambukizi hata kidogo. Kula naye, lala naye, tumia kikombe chake.

TUSIUCHANGANYE NA MAMBO MENGINE

Nimekwisha kutaja kukonda, kutetemeka, joto, kukosa usingizi na moyo kwenda mbio. Ongeza haya: kuharisha au kwenda choo mara nyingi, misuli ya mapaja kulegea hata kupanda ngazi au kuinuka kitini kukawa kazi, hedhi kupungua au kukosekana, na mimba kuharibika. Kwa wazee ugonjwa huu ni mjanja. Mzee haonyeshi hasira wala kutetemeka. Anakaa kimya, amechoka, hana hamu ya kula, na moyo wake unapiga bila mpangilio. Watoto wake husema ni uzee tu.

Kuhusu UKIMWI, ushauri wangu ni mwepesi: apime. Akikutwa hana virusi na bado anakonda, tusiishie hapo. Tuitazame shingo yake, tuhesabu mapigo ya moyo wake akiwa amekaa na kutulia, na tuombe kipimo cha tezi. Hata aliyekutwa na virusi aweza kuwa na ugonjwa wa tezi pia, kwani ugonjwa mmoja hauzuii mwingine.

Kuhusu uchawi, nitasema jambo moja. Mwaka 1991, Rais wa Marekani wa wakati huo, George Bush mzee, akiwa katika mazoezi ya kukimbia alishikwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Madaktari walipompima walikuta ana ugonjwa wa Graves. Mkewe, Barbara, alikuwa amekwisha kugunduliwa na ugonjwa huo huo kabla yake. Je, hao nao walirogwa na wifi yupi? Walitibiwa wote wawili, wakaishi hadi mwaka 2018, mama akiwa na miaka 92 na mzee akiwa na miaka 94.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba anayeyapa maradhi jina lisilo lake hana tofauti na anayeyaficha.

VIDONGE, NA SABABU YA KUVIACHA

Tiba ya kwanza kwa wagonjwa wetu wengi ni vidonge vya kabimazoli, ambavyo huizuia tezi isitengeneze homoni mpya. Pamoja navyo daktari huweza kuandika propranololi kwa muda, ili kutuliza moyo na mikono. Mwenye pumu lazima aseme mapema, kwa sababu propranololi yaweza kumbana kifua.

Hapa nawaomba akina mama na akina baba wasome polepole. Propranololi hutuliza upesi, lakini haiigusi tezi. Kabimazoli ndiyo inayoishika tezi, lakini huchukua wiki kadhaa, kwa kawaida 4 hadi 8, kwa sababu ghala lilikuwa limejaa homoni zilizotengenezwa zamani, na hizo lazima zitumike kwanza. Basi mgonjwa wa kwanza anayeacha dawa ni yule anayesema baada ya wiki mbili, "Dawa hii haifai, twende kwingine."

Mgonjwa wa pili anayeacha dawa ni yule aliyepona machoni pa watu. Huyu ndiye mwingi zaidi. Baada ya miezi miwili au mitatu amenenepa, analala, mikono imetulia, amerudi shambani na kwaya amerudi. Anajiuliza kwa nini atumie nauli na fedha za dawa hali mwili hauumwi. Lakini zile barua za kughushi bado zinaandikwa. Vidonge vinazizuia zisifanye kazi, havijamkamata mwandishi wake. Ukiondoa vidonge, tezi inazisoma tena. Ndiyo sababu dawa hii hutumika kwa muda wa miezi 12 hadi 18, dozi ikipunguzwa kidogo kidogo kwa kufuata kipimo cha damu. Mwanzoni kipimo hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6, baadaye kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mgonjwa asijipunguzie mwenyewe, wala asiongeze. Dozi ikizidi, tezi hulegea mno, naye huanza kunenepa, kusikia baridi na kusinzia.

Nisiwadanganye. Hata waliomaliza dawa vizuri, karibu nusu yao ugonjwa huwarudia, hasa katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo hata baada ya kuacha kwa ruhusa ya daktari, lazima kupima mara kwa mara. Lakini aliyemaliza muda wake ana tumaini kubwa kuliko aliyekatisha mara tatu katika miaka miwili. Huyo wa pili huja kwetu kila mara akiwa amechoka zaidi, na moyo wake umechoka zaidi.

Moyo ndio ninaouogopa. Moyo unaokimbia miezi na miaka mwishowe hupoteza mpangilio wa mapigo. Damu huganda ndani yake, na bonge la damu laweza kupanda ubongoni na kuleta kiharusi. Au moyo hushindwa kusukuma, miguu huvimba, pumzi hukatika. Mifupa nayo hupungua nguvu. Na wapo wachache ambao homoni huwafurika kwa ghafla, hasa wakiacha dawa kisha wakapata homa ya mapafu, au wakajifungua, au wakafanyiwa upasuaji. Joto hupanda sana, moyo hukimbia mno, mgonjwa hutapika, huharisha na kuchanganyikiwa. Hiyo ni hali ya hatari kabisa. Hata katika hospitali zenye vifaa vyote, mgonjwa mmoja katika kumi au zaidi hupoteza maisha. Ukiona dalili hizo kwa mtu mwenye tezi, usingoje asubuhi.

HOMA NA KOO KUUMA

Nimesema dawa isiachwe. Iko sababu moja inayomruhusu mgonjwa kuisimamisha mwenyewe, nayo ni lazima kila nyumba yenye mgonjwa iijue. Kwa watu wachache sana, chini ya mmoja katika mia, kabimazoli hushusha chembe nyeupe za damu, zile askari wetu dhidi ya vijidudu. Mara nyingi hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Dalili yake ni homa na koo kuuma sana, au vidonda mdomoni.

Sasa katika nchi yetu, mtu akipata homa tunasema malaria, anapewa dawa mseto, anarudi kulala. Kwa mgonjwa huyu haitoshi. Akipata homa na koo kuuma, asimeze kidonge kingine cha kabimazoli, aende siku hiyo hiyo hospitali, na neno la kwanza atakalomwambia mganga liwe hili: "Natumia kabimazoli, naomba mnihesabie chembe nyeupe za damu." Malaria ipimwe pia, lakini chembe zihesabiwe. Zikiwa nzuri, dawa huendelea. Zikiwa zimeshuka, daktari atamlaza na kumtafutia njia nyingine. Hali kadhalika macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, arudi upesi, kwa maana ini laweza kuwa limeguswa. Vipele na kuwashwa hutokea pia. Hivyo kwa kawaida si hatari, lakini avionyeshe.

Andikeni maneno haya kwenye daftari la kliniki la mgonjwa, ili hata mtoto wa darasa la tano aweze kuyasoma siku mama yake anapowaka homa.

NJIA NYINGINE MBILI

Ugonjwa ukirudi, au dawa ikimkataa mgonjwa, njia hazijaisha. Njia ya kwanza ni madini joto yenye mionzi. Mgonjwa humeza kidonge au hunywa maji yake mara moja. Tezi, ambayo hupenda madini joto, huyavuta kwake, na mionzi huipunguza nguvu polepole kwa wiki na miezi. Tiba hii ilianza kutumika Boston, Marekani, mwaka 1941, hivyo si jaribio la jana. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ina kitengo cha tiba ya nyuklia. Watu wakisikia jina la Ocean Road huanza kulia, wakidhani mgonjwa wao ana saratani. Msilie. Kutumwa huko kwa ajili ya tezi si kusema una saratani. Ila tiba hii ni mwiko kwa mjamzito na kwa mama anayenyonyesha, na baada yake yafaa kungoja angalau miezi 6 kabla ya kushika mimba. Kwa siku chache mgonjwa hukaa mbali kidogo na watoto wadogo, kama atakavyoelekezwa.

Njia ya pili ni upasuaji wa kuondoa tezi, hasa ikiwa kubwa na inabana koo. Hapa wapo ndugu wanaotushinikiza: "Mkateni leo, tumekuja kutoka mbali." Hapana. Kumpasua mgonjwa ambaye homoni zake bado zimefurika ni kumtia katika ile hatari niliyoieleza. Lazima kwanza vidonge vishushe homoni. Kadhalika upasuaji huu wahitaji mpasuaji mzoefu, kwa sababu karibu na tezi upo mshipa wa fahamu wa sauti, na vipo vitezi vidogo vinavyotunza kalisi ya mwili.

Baada ya njia hizi mbili, wagonjwa wengi tezi yao haitengenezi homoni ya kutosha tena. Basi humeza kidonge cha thairoksini kila asubuhi kabla ya kula, maisha yao yote. Wengine huona hiyo ni adhabu. Mimi naona ni neema: kidonge kimoja, kazi yako unafanya, watoto wako unalea. Mkimbiaji Gail Devers wa Marekani aligunduliwa na ugonjwa wa Graves mwaka 1990, baada ya kuugua muda mrefu bila kujulikana anaumwa nini. Alipewa madini joto yenye mionzi. Miguu yake ilivimba na kuuma hata ikahofiwa kwamba ingekatwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1992 alishinda medali ya dhahabu ya mita 100 katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona, na mwaka 1996 akaishinda tena Atlanta.

AKINA MAMA WAJAWAZITO

Mwenye ugonjwa huu anayetaka kupata mtoto asiogope, ila aseme mapema. Kabimazoli katika miezi mitatu ya kwanza yaweza kumletea mtoto kasoro za kimaumbile, hivyo madaktari huibadilisha kwa dawa nyingine, propilthiourasili, ijulikanayo zaidi kwa herufi PTU. Kosa kubwa ni mama kugundua ana mimba akatupa dawa zote kwa hofu. Tezi isiyotibiwa huharibu mimba, huleta uchungu kabla ya wakati, na huweza kumshindisha mama moyo. Asitupe, aje kliniki juma hilo hilo. Na mama aliyewahi kuugua Graves, hata kama tezi yake ilikwisha kuondolewa zamani, amwambie mkunga, kwa sababu kingamwili zaweza kupita kwa mtoto tumboni. Baada ya kujifungua, kwa dozi ndogo ambayo daktari ameiridhia, mama anaweza kunyonyesha.

MACHO, SIGARA, CHUMVI NA KABICHI

Si kila mgonjwa hutokwa na macho. Kwa wanaopata, macho huwa makavu, mekundu, yenye mchanga na machozi. Tezi ikitulia, macho hayarudi daima kama zamani, na hilo huwavunja moyo wengi, hasa wasichana wanaochekwa. Tusiwacheke. Mgonjwa akiona vitu viwili-viwili, au akishindwa kufumba kope usiku, au uwezo wa kuona ukipungua, aende kwa daktari wa macho bila kukawia. Akina baba, sikieni hili: hakuna kitu kinachoharibu macho ya mgonjwa wa Graves kama sigara. Mgonjwa aache, na wa nyumbani mwake wasimvutie ndani.

Kuhusu chumvi: wengi tulifundishwa kwamba uvimbe wa shingo huletwa na upungufu wa madini joto. Ni kweli kwa uvimbe wa aina ile, na chumvi yenye madini joto imewasaidia sana watoto wetu, kwa hiyo iendelee kutumika jikoni. Lakini Graves ni ugonjwa mwingine. Kumwongezea mgonjwa chumvi, au kumnywesha dawa za madini joto bila daktari, hakumtibu, na kwaweza kumzidishia. Wala kabichi mbichi na majani ya kuchemsha hayachukui nafasi ya vidonge.

SALA NA DAWA

Baadhi ya wagonjwa wetu huacha dawa kwa sababu wameambiwa kwamba anayemeza vidonge baada ya kuombewa hana imani. Nasema kwa heshima, lakini bila kuficha: hayo si mafundisho ya Kanisa letu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu mganga, na kwamba dawa zimetoka kwa Mungu mwenyewe, na chamtaka mgonjwa asali na pia ampe mganga nafasi. Mpako wa Wagonjwa ni Sakramenti, upokee. Ukitoka kanisani, meza kidonge chako cha siku hiyo.

WAJIBU WA FAMILIA NA JUMUIYA

Sasa nifikie neno langu kuu. Mgonjwa wa Graves anatakiwa kuvumilia miezi 18 ya dawa, vipimo na nauli, na sehemu kubwa ya miezi hiyo anajisikia mzima. Mtu peke yake hawezi kwa urahisi. Mbaya zaidi, ugonjwa wenyewe humfanya awe mkali, mwenye wasiwasi, na asiyetulia kufikiri vema katika wiki zile za mwanzo. Kumwambia "dawa ni zako, jitegemee" ni kumwacha njiani.

Kwa hiyo naona kila mgonjwa awe na mlinzi mmoja wa dawa nyumbani: mume, binti mkubwa, mama mkwe, yeyote anayeaminika. Kazi yake ni ndogo. Aone kidonge kimemezwa. Aweke alama kwenye kalenda ya ukutani. Ajue tarehe ya kliniki. Anunue dawa kabla zile za zamani hazijaisha, maana duka la dawa kijijini huenda halinayo. Na ajue lile neno la homa na koo.

Mume namwambia hivi: ukali wa mkeo katika ugonjwa huu hautoki moyoni mwake, watoka katika damu yake. Subiri wiki 8 za dawa kabla hujamhukumu. Uliahidi altareni taabuni na rahani. Hii ndiyo taabu yenyewe.

Na kwa Jumuiya zetu ndogondogo nina la kusema, nanyi mnisamehe likiwachoma. Akifa mwenzetu, siku moja tu inatosha kupata fedha za jeneza, gari, wali na nyama ya watu mia mbili. Lakini mwenzetu akisema amekosa nauli ya kwenda kupima damu, tunamwambia tutamkumbuka katika sala. Mchango wa msiba mmoja ungeweza kumlipia mgonjwa wa tezi vipimo na dawa za miezi mingi. Sisemi tuache kuzika kwa heshima. Nasema viongozi wa Jumuiya na WAWATA waanze kuuliza swali moja katika kikao cha kila mwezi: ni nani kati yetu anayetumia dawa za muda mrefu, na je, dawa ya mwezi huu anayo? Wa tezi, wa presha, wa kisukari, wa kifafa, wote wamo. Anayeweza, tumshauri pia akate bima ya afya wakati bado ana nguvu.

Jumapili hii, baada ya Misa, mtazame jirani yako aliyekonda mwaka huu. Usimnong'one. Mshike mkono, uone kama unatetemeka na una jasho, kisha umwambie kwa upole aje kliniki mkiwa wawili. Na kama yuko mwingine ambaye mwaka jana alikuwa na dalili hizo na sasa amenawiri, muulize kwa wema kama bado anameza dawa zake.